Chumba Chenye Mlango Mmoja

Jina lake lilikuwa Ambakisye. Nalitaja kwa makusudi, na nalitaja mapema, kwa sababu kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu sikuruhusiwa kulitaja. Mkamwana wa Kinyakyusa halitamki jina la baba mkwe wake. Hata mtoto wa jirani akiwa na jina hilo, itabidi umtafutie lingine la kumwitia. Sasa Ambakisye amekufa, tumemzika juzi kule Njisi, na mimi nimerudi nyumbani kwangu, nimechemsha chai, nimekaa mezani, na nataka kuliandika jina hilo mpaka mkono uchoke. Msibani watu walilia sana. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu jikoni, nikamenya ndizi, nikasikiliza marehemu akisifiwa kwenye kipaza sauti. Mchungaji alisema alikuwa mtu wa maendeleo na mtu wa mila. Mama mmoja karibu yangu akaguna kwa huzuni. Na mimi niliguna, ila huzuni haikuwemo. Gwamaka, mume wangu, alikuwa akipita na ndoo ya maji, akanitupia jicho. Ananijua.

Ya ukoo wangu nayaacha, kila mtu ana ukoo. Ninaotaka kuusimulia ni mwaka ule nilioajiriwa ukarani katika ofisi ya mradi wa kokoa, Bondeni, mjini Kyela, wakati simu ya mkononi ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu waliotoka Dar. Nilikuwa nimemaliza shule na kozi ya kuchapa, najiona msomi, na nilipanga chumba kwa Mama Bupe, Mkisi wa pwani ya ziwa, aliyekuja mjini kwa ndoa, ndoa ikamshinda, ufinyanzi haukumshinda. Uani kwake vyungu vilianikwa kila mahali, ukitoka bafuni unapita kwa adabu usije ukavunja kodi ya mwezi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili na baraza, na nyuma yake ghala la kokoa lililotenganishwa nasi kwa ukuta wa mbao. Kokoa inapochachushwa hunuka kama siki na pombe kwa pamoja. Harufu ile iliingia kwenye nywele zangu, kwenye kitenge changu, hata kwenye wali. Mpaka leo nikifungua chupa ya siki naiona ofisi ile, na meneja wetu Ambakisye amekaa kwenye kiti chake, anajipepea kwa gazeti.

Chumba cha pili kilikuwa cha kompyuta. Kilikuwa na dirisha dogo la nondo lililoelekea migombani, na mlango mmoja wa mninga unaotokea barazani. Kompyuta yenyewe tulipewa na wafadhili. Fundi alikuja kutoka Mbeya akaifunga, akaweka programu ya barua pepe isiyo na picha hata moja, maandishi matupu kwenye kioo cheusi, akatuachia rundo la karatasi za Kiingereza na ahadi ya kurudi kutumalizia. Ahadi ile bado naingoja. Programu ilikuwa haifanyi lolote ambalo hukuiambia. Ilikuwa na faili moja la mipangilio, na kila ilichopaswa kujua ilikisoma humo: barua zipokelewe kutoka seva ipi, zitumwe kupitia ipi, neno la siri ni lipi, zilizokwisha kusomwa zikae wapi. Faili letu lilikuwa tupu. Niliandika mstari, nikahifadhi, nikafungua programu, ikanikatalia, nikarudi kwenye mstari. Ukisahau kufunga alama ya nukuu upande mmoja, kila kilichofuata hakisomeki, na haikwambii kosa liko wapi. Mvua ya Kyela ikipiga bati, nililazimika kuinamisha sikio kwenye modemu ili nijue kama imeshika laini au inalia tu. Nilitukana kwa lugha zote nilizokuwa nazo. Lakini nilipenda, sijui niseme vipi, nilipenda kwamba kitu kile hakikujali mimi ni binti wa nani. Ukikiandikia sawa, kinatii.

Barua ya kwanza ilipofika Dar, wafadhili walijibu wakianza na "Ndugu Root." Root ndilo jina ambalo mashine za aina ile humpa mwenye mamlaka yote ndani yake, na kwa kuwa sikuwa nimeandika jina la ofisi kwenye faili, programu ilijitwalia hilo. Ambakisye alicheka mpaka akajifuta macho. "Gwe Tuse, huyu Root ni ndugu yetu wa wapi? Wa Malawi?" Nilicheka naye. Nikaongeza mstari wa jina, nikaongeza saini ya ofisi iwe inajiandika yenyewe mwisho wa kila barua, kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo najivunia. Vitufe vya programu vilifuata Kiingereza, na ofisini hakuna aliyekumbuka kipi ni kipi. Nikavibadilisha vyote kwenye faili: T itume, J ijibu, F ifute. Ambakisye, aliyekuwa akiiogopa kibodi, akaanza kusoma barua mwenyewe kwa kidole kimoja, na kila ikienda moja anapiga kelele, "Imekwenda! Ndaga, asante mwanangu!" Mchana tulikula meza moja, yeye, mimi na Lusajo mhasibu, wali na mbasa wa kukaanga, na vichwa vya samaki alinisukumia mimi akisema vinaongeza akili.

Hapo lazima nieleze. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuchumbiwa na Gwamaka, na baba yake Gwamaka, aliyekwisha kufariki, alikuwa kaka yake Ambakisye. Kwetu mdogo wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Tulipaswa kukimbiana. Tunaita ukutila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Ukimwona anakuja, unaingia shambani mpaka apite. Mimi nilikuwa tayari kufuata, na nilimuuliza kupitia kwa Lusajo siku ng'ombe wa posa walipofika kwetu. Aliyekataa ni yeye. Alisimama katikati ya ofisi na kusema kwa sauti kubwa, "Hapa ni kazini. Hapa hakuna mkwe, kuna wafanyakazi. Mambo ya kukimbiana waachieni wa vijijini." Nilimheshimu sana kwa maneno yale. Nilimwambia hata Mama Bupe kwamba meneja wetu ni mtu aliyeelimika.

Kisha wafadhili wakaandika kwamba wana nafasi ya masomo ya kompyuta, Arusha, mwaka mzima, kwa mtu mmoja kutoka ofisi yetu: yule aliyeipanga barua pepe ikafanya kazi. Watakuja wenyewe kumwona. Mimi ndiye niliyeifungua barua ile. Nilitoka mbio barazani kumwambia, nikamkuta anakula karanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa maganda kwenye suruali. "Hongera," alisema. Usiku ule sikula kwa furaha.

Asubuhi nilikuta kiti changu kipo barazani, na Lusajo amesimama kando yake anaangalia viatu vyake.

"Tuse," alisema, "mzee anasema wewe sasa ni mkamwana wake. Hamwezi kukaa chumba kimoja. Watu wanasema."

"Watu gani?"

"Watu."

"Mwambie aje aniambie mwenyewe."

"Hawezi, Tuse. Si ndiyo mila yenyewe? Hawezi kukusemesha."

Nilipelekwa ghalani kugeuza kokoa. Nilimwomba Lusajo aniache kidogo niifunge mashine vizuri, na Ambakisye, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani, alikuwa amejificha ofisini kwake. Nikafungua faili la mipangilio. Mistari ya seva niliiacha, barua ziende na ziingie, nisije nikaambiwa nimeharibu mali ya wakulima. Lakini jina la mtumaji nililifuta. Saini niliifuta. T, J na F nilizifuta zote, vitufe vikarudi kama fundi alivyoviacha. Wengine wangeandika hapa kwamba wanajuta. Mimi niliitoa mistari yangu kichwani mwangu, nikairudisha kichwani mwangu.

Ukuta wa mbao haufichi kitu. Ghalani, mkononi nikiwa na koleo la mti na jasho likinitiririka mgongoni, nilimsikia akipigapiga kibodi. "Lusajo! Mbona T haitumi?" Kisha nikasikia kiti kikilia, akajiegemeza, akaanza kuongea kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Alisema mila ni kitu kizuri sana. Angenifukuza, ungekuwa ugomvi na ndugu wangeingilia. Sasa nimejiondoa kwa heshima, na wazee wa kamati ya mradi wanamsifu. Arusha atakwenda mwenyewe.

"Lakini mzee, aliyeipanga ni yule binti," Lusajo alisema.

"Nani anajua? Anaweza kuja hapa kusema?" Akacheka. "Mkamwana?"

Nilisimama na koleo langu. Ningetamani kuandika kwamba nililia, ingependeza. Sikulia. Nilihisi meno yangu yote, moja moja. Nilimwambia Gwamaka jioni, akashika kichwa: "Nitamwambia nini? Ni baba yangu mdogo." Nilikwenda kwa wazazi wangu, nikaambiwa nina bahati ya kupata ukoo unaojua heshima. Kila niliyemwendea alikuwa upande wa mila, na mila ilikuwa mfukoni mwa Ambakisye.

Aliyenisaidia hakuwa Mnyakyusa. Mama Bupe alikuwa anakanda udongo, amekaa chini, miguu ameinyoosha, pembeni ugali wetu na usipa, dagaa wa ziwani, ukipoa. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, huku akitoa vijiwe kwenye udongo na kuvitupia kuku.

"Sisi Wakisi huwa tunawacheka kwa haya mambo yenu," alisema. "Nikuulize. Mkikutana njiani, anakimbia nani?"

"Mimi. Naingia shambani."

"Na ukiwa wewe umeshatangulia ndani, umekaa?"

"Basi yeye haingii."

"Ee." Akachukua kipande cha ugali kwa mkono wenye udongo, akakitazama, akakila hivyo hivyo. "Na hicho chumba chenu cha mashine kina milango mingapi?"

Niliacha kutafuna. Mama Bupe akaanza kucheka peke yake, kicheko cha chinichini, mpaka mabega yakatikisika.

Siku ya wageni nilifika ofisini kabla ya mpishi. Mlinzi alinifungulia, hakuna aliyekuwa amemwambia asinifungulie, maana nani angefikiri mkamwana ana uthubutu huo? Nilijitanda kitenge kichwani, kikashuka mpaka kwenye nyusi, heshima tupu. Nikakaa kwenye kiti. Nikafungua faili na kuirudisha mistari yangu yote, vidole vilikuwa havijasahau hata nukta. Nje nikasikia kuku wakikimbizwa, vyungu vya mbalaga, ndizi zetu za kupika, vikiwekwa mafigani, kisha gari, kisha wazee wa kamati kutoka Busale wakiamkiana na wageni, "Mugonile, mugonile," kisha sauti ya Ambakisye. Alikuwa anaeleza kwa Kiingereza jinsi alivyohangaika na mashine hii. Mlango ukafunguliwa. Alivaa suti. Aliniona, nikainamisha kichwa, akaruka nyuma kama aliyekanyaga siafu.

Alikuwa na wazee wa Busale mgongoni. Wale wale waliomsifu. Hangeweza kuingia, na hangeweza kuniambia neno.

"Lusajo!" alifoka kutoka barazani. "Mwambie atoke."

Lusajo akaingia. Nilimjibu kwa upole, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mwambie baba namheshimu mno. Nitapitaje, na yeye amesimama mlangoni? Asogee kidogo."

Akasogea mwisho wa baraza. Nikasema bado naona suti yake. Akashuka uani. Nikasema hata hapo, nikitoka, tutagongana macho, na mimi sitaki kumvunjia heshima mbele ya wageni. Mzee mmoja wa Busale akasema, "Binti amelelewa huyu." Mwingine akasema, "Na Ambakisye naye ni mtu wa mila kweli, tazama." Kwa kusifiwa hivyo ikambidi aende mbali zaidi, mpaka migombani nyuma ya choo, ambako nilimwona vizuri sana kupitia dirishani, na nikawa mwangalifu kutomtazama. Lakini sikutoka. Wageni walikuwa wamekwisha kuingia na kunizunguka, na mwanamke hasimami kuwapita wageni waliokaa.

Mkubwa wao alikuwa Bi Rehema wa Dar, mtu wa miwani na maneno machache. "Namtafuta Bwana Root," alisema. "Barua zote za karibuni zimetoka kwake." Lusajo akakohoa, akasema huyo ni meneja. "Yuko wapi?" Lusajo akasema yuko migombani. Bi Rehema alitaka kujua mtu anafanya nini migombani wakati wa mkutano, na wazee wa Busale walimweleza mila yetu kwa kirefu na kwa fahari, wakisaidiana. Akasikiliza, akanigeukia, akaniuliza nani aliipanga mashine. Nikasema ni mimi. Akasema meneja ameandika kuwa ni yeye. Nikasema basi aulizwe.

Aliulizwa. Lusajo alikwenda migombani na kurudi, akaenda na kurudi, shati limemganda. Mipangilio iko faili gani? Jibu lilitoka kule kwa sauti iliyopita juu ya choo: "Mwambie imo humo humo ndani!" Jina la mtumaji liliwekwa vipi? "Mwambie ni mambo ya kitaalamu!" Wazee walianza kucheka, kwanza kwa adabu, baadaye bila adabu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa chini ya kitenge, na ndani ya kitenge kile nilikuwa nacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamwonyesha Bi Rehema faili langu, mstari kwa mstari. Chakula kilipoiva nikaomba tule humo humo, kwa kuwa kulikuwa na kivuli. Ambakisye alipelekewa sahani yake migombani, na nzi wakampokea kabla yake.

Arusha nilikwenda mimi. Niliporudi niliolewa na Gwamaka, na nimekuwa mkamwana mwema kwa miaka yote iliyofuata. Hakuna aliyeshika ukutila kama mimi katika ukoo ule. Kwenye kila harusi na kila msiba niliangalia Ambakisye ameketishwa wapi, nikangoja supu iwekwe mbele yake, ndipo nikakumbuka kuna kitu nimesahau kwenye chumba kile. Alikuwa anainuka na kutoka, kijiko mkononi. Alizeeka akiinuka. Miguu ilipoanza kumsumbua alimtuma Gwamaka aniombe tuikomeshe mila ile, wengi siku hizi wameikomesha, tukae kama baba na mwana. Nilimjibu kwamba mila ni kitu kizuri sana. Nilitumia maneno yake yale yale ya kule nyuma ya ukuta wa mbao, na Gwamaka alinisimulia kwamba mzee aliyasikia, akaomba maji.

Halafu mjukuu wake akampa simu, na Ambakisye akagundua kwamba barua pepe haina uso wala sauti, na mila haikuitaja. Mimi bado natumia programu ya aina ile ile, kioo cheusi, na faili langu la mipangilio nimelihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine tangu Bondeni, T bado inatuma, F bado inafuta. Siku moja nikaona anwani yenye jina lake. Sikuifungua. Nilikwenda kwenye faili linalochambua barua kabla hazijanifikia, nikaandika mstari mmoja: chochote kitokacho kwa huyu kisije kwangu, kiende kwenye folda yake peke yake. Folda niliipa jina Migombani. Aliandika, akaandika tena. Zilipita zote chini ya pua yangu kwenda kule, na nilijua tu kwamba zinaongezeka.

Jana jioni Gwamaka alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Ana macho ya baba yake mdogo, jambo ambalo nimemsamehe.

"Sasa hutazisoma?" aliuliza.

"Za nini?"

"Labda aliomba msamaha, Tuse."

"Labda."

"Na kama aliomba?"

Alingoja, akaniwekea mkono begani, akaenda kulala. Nilifungua lile faili, nikashuka mpaka kwenye mstari wenye anwani ya Ambakisye. Marehemu haandiki tena, mstari hauna kazi, na mimi napenda faili safi. Moyo uliniuma kidogo, siwezi kudanganya, nilikumbuka vichwa vya mbasa. Kisha nikakumbuka kiti changu barazani, na kicheko chake kupita kwenye mbao. Mstari nikauacha. Siku ile ya wageni nilimwacha kule mpaka chakula kikaiva, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Na akae migombani.